Mapigo Hamsini kwa Sekunde

Kata ya Kinyangiri, wilayani Mkalama mkoani Singida, ni nchi ya alizeti, mtama na mifugo. Nyumba ambayo nguzo za TANESCO bado hazijaifikia huweza kuwasha televisheni kwa sola: paneli juu ya bati, betri kwenye kona ya sebule, na kioo kidogo cha volti 12. Umeme wa betri hutiririka moja kwa moja, hauna mapigo. Lakini picha inayoonekana kwenye kioo hicho, iwe taarifa ya habari ya TBC au mechi ya Simba na Yanga, imepimwa kwa mapigo 50 kwa sekunde, au nusu yake, 25. Namba hiyo haikutoka Singida wala Dar es Salaam. Ilitoka kwenye mitambo ya umeme ya Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na imeendelea kutawala vioo hata pale ambapo waya wa umeme haujawahi kufika.

BBC ilipoanza matangazo ya televisheni jijini London mwaka 1936, umeme wa gridi ya Uingereza ulikuwa ukipiga mizunguko 50 kwa sekunde. Televisheni za wakati huo hazikuwa na uwezo mzuri wa kuchuja umeme wake. Kama picha ingechorwa kwa mwendo usiolingana na ule wa umeme, utepe mweusi ungetambaa juu ya kioo kutwa nzima. Mafundi wakaamua picha ifuate umeme: nusu-picha 50 kila sekunde, ambazo zikiunganishwa mbili mbili hutoa picha kamili 25. Marekani, ambako umeme ulipiga mara 60, ilichagua nusu-picha 60. Dunia ikagawanyika hapo, kwa sababu ya mitambo ya umeme.

Ndani ya televisheni ya chogo mwale wa elektroni ulikuwa ukikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, ukifika chini unarudi juu na kuanza upya. Ili mwale wa nyumbani uende sawa na kamera ya studio, kituo kilirusha pamoja na picha ishara fupi za kuamrisha: sasa anza mstari, sasa rudi juu. Ni kama mchezaji anayesikiliza ngoma. Mguu hautui mpaka mpigaji apige. Ishara hizo zikipotea, picha hupinda au hupanda juu bila kukoma, jambo ambalo kila aliyewahi kukaa na televisheni ya zamani na antena ya kuokoteza analikumbuka.

Baada ya vita, nchi nyingi za Ulaya zilikubaliana juu ya mistari 625 na mapigo 50. Makubaliano hayo hayakuwa mali ya kampuni yoyote. Yaliandikwa, yakachapishwa, na kiwanda chochote kingeweza kutengeneza televisheni inayoyafuata. Ugomvi ulianza pale rangi ilipoingia.

Mfaransa Henri de France alibuni mfumo wa SECAM katika miaka ya 1950. Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akaonyesha mfumo wa PAL huko Hannover Januari 1963. Yote miwili ilikuwa na hataza, na yote miwili ilisukumwa na serikali kama bidhaa ya heshima ya taifa. Uingereza na Ujerumani Magharibi zilianza kurusha kwa PAL mwaka 1967. Ufaransa ikaanza SECAM mwaka huohuo, na Umoja wa Kisovieti ukaifuata. Makoloni ya zamani yakafuata lugha za watawala wao wa zamani. Kenya, Uganda na Zanzibar zikaangukia PAL. Burundi na Zaire zikaangukia SECAM.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa mtu wa Maziwa Makuu. Televisheni ya PAL iliyovushwa Ziwa Tanganyika ikawashwa Bujumbura ingetuliza picha vizuri kabisa, maana mistari ilikuwa ileile 625 na mapigo yaleyale 50. Lakini picha hiyo ingekuwa nyeusi na nyeupe, na huenda sauti isisikike, kwa kuwa masafa yake nayo yalipangwa tofauti. Sehemu ya wote, yaani mapigo, ilifanya kazi kila upande wa mpaka. Sehemu iliyokuwa na mwenyewe, yaani rangi, iliishia forodhani.

Telefunken iliitumia hataza yake ya PAL kama geti. Viwanda vya Japani viliwekewa masharti magumu ya leseni ili visiifurike Ulaya kwa bidhaa za bei nafuu. Sony haikungoja. Ilitengeneza televisheni za Trinitron zilizosoma matangazo ya PAL kwa njia ya mzunguko, bila kutumia mbinu iliyolindwa na hataza, na kwa sababu hiyo zikawa na kitufe cha ziada cha kurekebisha rangi kwa mkono. Mnunuzi alipewa kazi ambayo mfumo ulibuniwa kumwondolea, na sababu haikuwa ya kifundi hata kidogo. Hataza zilipokwisha muda, viwanda vya Asia vikaanza kuweka PAL, SECAM na NTSC ya Marekani ndani ya televisheni moja. Hizo ndizo zilizouzwa Dubai na kubebwa na mabaharia na wafanyabiashara mpaka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, maneno matatu hayo yakiwa yameandikwa kwa fahari kwenye boksi.

Zanzibar ilikuwa imetangulia. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, ikiwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Mradi huo ulianzishwa na Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972 kabla ya kuuona ukikamilika. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni kuwa anasa kwa nchi inayohangaikia maji, shule na zahanati, na msimamo huo ulidumu mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi. ITV ya Reginald Mengi ilianza mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ikaja mwaka 2000. Kwa hiyo mtu wa Singida alirukishwa miaka 30 ya ugomvi wa rangi. Kioo kilipomfikia, kilikuwa tayari kinajua mifumo yote.

Hakurukishwa kila kitu, hata hivyo. Vibanda vya gemu vilipoenea mijini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, PlayStation za toleo la PAL zilikuja na ugonjwa ambao wachezaji wengi hawakujua jina lake. Gemu nyingi zilibuniwa Japani na Marekani kwa mapigo 60. Zilipohamishiwa mapigo 50 bila kurekebishwa, mwendo wake ulishuka kwa sehemu moja ya sita. Mchezaji alikimbia polepole, muziki ukaburuza. Juu ya hapo Sony iliweka kufuli la kanda: diski ya Marekani haikukubali kusoma kwenye mashine ya Ulaya. Mafundi wa mitaani waliwawekea wateja chipu ya kuvunja kufuli hilo, na biashara ikaendelea. Kufuli lilihusu soko, lakini aliyeumia ni mchezaji.

Kwenye kompyuta hadithi ilichukua njia nyingine. Aprili 1987 IBM ilitoa mfumo wa VGA pamoja na kompyuta zake za PS/2. Plagi yake ya pini 15 ilibeba rangi tatu kwenye waya zake, na ishara za mapigo kwenye pini ya 13 na ya 14, moja ya mistari na nyingine ya picha nzima. Washindani waliiga VGA upesi. IBM ikajaribu kusonga mbele kwa mifumo yake mingine, lakini wengine hawakuifuata. Mwaka 1989, kwa ushawishi wa NEC, watengenezaji waliunda chama kiitwacho VESA ili wakubaliane wenyewe jinsi ya kuvuka mipaka ya VGA. Ndiyo maana monita ya mtumba iliyotolewa ofisini Uholanzi, ikapita Dubai na kufika Kariakoo, huwaka bila maswali kwenye kompyuta iliyotengenezwa Taiwan. Waliokuwa na mkahawa wa intaneti miaka ya 2000 walijenga biashara zao juu ya makubaliano hayo, ingawa wengi hawakuwahi kusikia jina la VESA.

Kisha chogo likafa, ukaja ubapa. Kioo bapa hakina mwale unaokimbia, lakini kilirithi desturi ya kungoja mpigo, mara nyingi 60 kwa sekunde.

Wakati huohuo matangazo nayo yalikuwa yakihama kutoka analojia kwenda dijitali, na hapa ndipo mkoa wa Singida unaingia katika hadithi kwa nguvu. Mkutano wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda masafa ya analojia katika Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Mawaziri wa SADC wakachagua kiwango cha DVB-T2 mwaka 2010. Kilikuwa chaguo zuri. DVB ni mradi ulioanzishwa Ulaya mwaka 1993 na watangazaji, viwanda na serikali, na vitabu vyake vya kiufundi hutolewa hadharani. Yeyote anaweza kuvisoma na kutengeneza king'amuzi.

Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kuzima analojia. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012, ikafuatiwa mwaka 2013 na Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Singida haikuwamo katika kundi hilo. Zamu yake ilikuja katika awamu ya pili, iliyoanza 2014. Kampuni tatu zilipewa leseni ya kurusha mawimbi ya ardhini: Star Media, yenye ubia na TBC na inayojulikana kwa king'amuzi cha StarTimes, Agape, yenye Ting, na Basic Transmissions, yenye Digitek.

Zote tatu zilitakiwa kutumia kiwango kimoja. Mwananchi mwenye akili timamu angetarajia king'amuzi kimoja kipokee zote, kama redio inavyopokea kila kituo. Haikuwa hivyo. Waliobuni DVB, walipokuwa wakipatana katika miaka ya 1990, waliacha mlango mmoja makusudi: namna ya kusafirisha picha iliwekwa wazi, lakini namna ya kuifunga kwa kadi ya malipo iliachiwa kila kampuni. Kampuni za televisheni za kulipia zisingekubali vinginevyo. Kwa hiyo king'amuzi cha kampuni moja kiliweza kabisa kulikamata wimbi la kampuni nyingine, kulipima na kulilinganisha, kisha kikashindwa kulifungua. Kwa mtazamaji, hali hiyo ilimaanisha kununua boksi la pili, au kukubali kukosa.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka kinga: chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zilipaswa kuonekana kwenye ving'amuzi hivyo hata kama malipo ya mwezi yameisha. Kinga hiyo ilikuwa ya haki, na mtu asiyeiona thamani yake amesahau kwamba taarifa ya mafuriko au ya kipindupindu haiwezi kungoja mtu apate pesa ya vocha. Lakini ilikuwa kinga ya kisheria iliyobandikwa juu ya mashine iliyojengwa kufunga. Na minara ya mawimbi ya ardhini ilijengwa kwanza kwa ajili ya miji. Vijijini, watu waligeukia madishi. Azam ilianza Desemba 2013 kwa satelaiti, ikafika mahali ambapo mnara wa dijitali haufiki. Agosti 2018 TCRA ilizizuia kampuni za satelaiti zenye leseni ya kulipia zisibebe chaneli za bure za ndani, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Kanuni zilikuja kurekebishwa, lakini katika kipindi hicho mtu wa mbali na mnara ndiye aliyepoteza zaidi: alikuwa na dishi, alikuwa na king'amuzi, mawimbi yalimwagika juu ya bati lake, na chaneli ya taifa lake haikuwemo.

Kenya ilipita njia yenye makelele zaidi. Vyombo vya Royal Media, Nation na Standard vilipinga kuhamishwa kwa haraka, vilidai leseni ya kusambaza mawimbi yao wenyewe badala ya kupitia kampuni za usambazaji za Signet na PANG, na vilipinga maudhui yao kubebwa na ving'amuzi vya kulipia bila idhini. Kesi ilifika Mahakama ya Juu. Februari 2015 mitambo ya analojia ilizimwa, na chaneli zao za Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Mzozo huo ulieleweka na wengi kama siasa, na kweli siasa ilikuwepo. Kiini chake, hata hivyo, kilikuwa king'amuzi: nani ana haki ya kuamua boksi la nyumbani lifungue nini.

Miezi ileile ambayo Watanzania walikuwa wakipanga foleni za ving'amuzi, kufuli la namna hiyohiyo lilikuwa likitengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Kadi za grafiki za kuchezea gemu hazichori picha kwa mwendo mmoja. Mahali pepesi zinatoa picha 90 kwa sekunde, mahali pazito 40. Kioo kinachopiga 60 bila kubadilika kikipokea picha mpya katikati ya kuchora, nusu ya juu huonyesha picha ya zamani na nusu ya chini picha mpya, na mstari wa mpasuko unaonekana. Ukiilazimisha kadi ingoje mpigo, mpasuko unaondoka lakini mwendo unakwamakwama.

Oktoba 2013, jijini Montreal, Jen-Hsun Huang wa Nvidia, kampuni ya kadi za grafiki, alitangaza G-Sync. Wazo lilikuwa la kupindua desturi ya tangu 1936: kioo ndicho kimfuate mchoraji, kisipige mpaka picha iwe tayari. Kazi ilikuwa nzuri, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini ilihitaji bodi maalumu ya Nvidia ndani ya monita, na ilitii kadi za Nvidia tu. Bodi ya kujifungia mwenyewe iliuzwa dola 199. Monita ya ASUS ROG Swift iliyotoka 2014 ikiwa na bodi hiyo ilifika dola 799.

Washindani wao, AMD, walijibu Januari 2014 kwa kuonyesha kompyuta ndogo za Toshiba zikifanya jambo linalofanana bila bodi yoyote ya ziada. Uwezo wa kubadilisha mapigo ulikuwa tayari umelala ndani ya kiwango cha VESA cha vioo vya kompyuta za mkononi, ukiwa umewekwa kwa ajili ya kuokoa betri. AMD ikaupeleka VESA, na Mei 2014 ukaingizwa kwenye kiwango cha DisplayPort kwa jina la Adaptive-Sync, bila ada ya leseni. Monita za kwanza ziliingia madukani 2015, na tofauti ya bei na zile za G-Sync ilionekana wazi kwa kila mnunuzi.

Nvidia ilishikilia kwa karibu miaka mitano. Wenye kadi zake walinunua monita ghali au walikaa na mpasuko, huku monita ya Adaptive-Sync mezani kwao ikiwa na kila kitu kilichohitajika. Januari 2019 kampuni ilisalimu amri kwa njia yake: ilitoa programu iliyoruhusu kadi zake kutumia kiwango cha wazi, ikisema imepima monita 400 na 12 tu ndizo zilizofaulu kupewa nembo yake. Kipimo hicho kilikuwa na ukweli ndani yake. Monita nyingi za bei nafuu zilikuwa na Adaptive-Sync dhaifu, zikipepesa au zikifanya kazi kwenye masafa membamba mno, kwa sababu kiwango kilieleza lugha bila kudai ubora. VESA yenyewe ilikuja kuweka upimaji wake na nembo yake mwaka 2022, miaka minane baada ya kiwango kutoka. Huko ndiko kuchelewa kunakowapa wenye makufuli hoja. Agosti 2024 Nvidia ilitangaza kwamba uwezo wa G-Sync utaingizwa ndani ya chipu za kawaida za MediaTek, bila bodi yake ya zamani.

Na si kila kinachoitwa kiwango kiko wazi. HDMI, waya unaounganisha king'amuzi na televisheni katika nyumba nyingi, iliingiza mapigo yanayobadilika katika toleo la 2.1 la mwaka 2017. AMD iliomba kuiweka HDMI 2.1 kikamilifu ndani ya programu yake huria ya Linux. Mapema 2024 ilijulikana kwamba jukwaa linalosimamia HDMI limekataa. Mwenye kompyuta ya Linux alikuwa na kadi inayoweza, televisheni inayoweza na waya unaoweza. Kilichokosekana ni ruhusa.

Ukitazama miaka hii 90 kwa pamoja, mapigo yenyewe mara nyingi yamekuwa mali ya wote, na kufuli limewekwa kando yake: kwenye rangi, kwenye kanda ya diski, kwenye kadi ya malipo, kwenye bodi ya monita. Na mara nyingi gharama ya kufuli imemwangukia aliye mbali zaidi na duka la pili. Mtu wa Dar es Salaam aliyekosea king'amuzi alivuka barabara akanunua kingine. Mtu wa Kinyangiri aliyekosea alikuwa ameuza magunia ya alizeti.

TCRA na Shirika la Viwango, TBS, wana uwezo wa kulitibu jambo hili kabla bidhaa haijatoka bandarini. Kila boksi la king'amuzi, televisheni na monita linaloingia nchini liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, mambo mawili: kifaa hiki kinafuata kiwango gani, na kimefungwa kwa kampuni gani. Mpaka agizo hilo litoke, mnunuzi amuulize muuzaji yeye mwenyewe: televisheni hii inapokea DVB-T2 ya ardhini na DVB-S2 ya satelaiti bila boksi la pembeni? King'amuzi hiki kitaonyesha chaneli za taifa malipo yakiisha? Monita hii ina Adaptive-Sync, na kwa masafa gani? Asiyejibu, pesa isitoke mfukoni.